Pweza wa Tensta

Upplands Väsby, 18 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika Uswidi salama, na kama ulivyoniamuru naandika kwa kalamu, kisha nitaipiga picha karatasi na kukutumia kwenye simu. Wenzangu wa kozi wananicheka. Nimewaambia mama yangu ni mwalimu mstaafu, hasikilizi sauti za kwenye simu, anasema mwenye jambo la maana huliandika. Mmoja ameuliza kama unasahihisha pia.

Chumba changu kidogo lakini kisafi. Mafunzo yetu ya huduma za maji yanaanza kesho, wiki tano kamili. Baridi ipo, ila jua haliondoki. Saa tatu usiku bado linanichungulia dirishani.

Jana nilikwenda Tensta kwa Getrude. Tulikumbatiana pale kituoni mpaka watu wakatukwepa kama nguzo. Amenenepa kidogo, kapendeza. Mumewe Sixte ni Mrundi mpole, anafanya kazi uwanja wa ndege. Binti yao Mélissa anaelewa Kiswahili chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiswidi.

Sasa shida yenyewe. Getrude alipika chakula cha kwetu kusini: pweza wa nazi, kamba wa kukaanga, ugali wa muhogo. Alizunguka maduka mangapi sijui kumtafuta huyo pweza. Harufu ilinipokea kwenye ngazi, mate yakanijaa. Na mimi sikuonja. Nilisema tumbo limechafuka kwa safari, nikala ugali na mchicha nikiangalia chini.

Wewe unajua kwa nini. Ulikuwepo hospitalini siku ile baada ya bodaboda kunivunja mguu, daktari aliposema nitatembea lakini mbio nisahau. Niliweka nadhiri mbele yako: sitatia kitu cha baharini mdomoni mpaka nikimbie mwendo wa kutoka kwetu hadi Mikindani, bila kusimama na bila kuchechemea. Huu mwaka wa tatu. Kwetu kila nikijaribu barabarani watu wananionea huruma kwa sauti. Huku hakuna anayenijua, njia za kukimbilia ni nzuri, na viatu nimekuja navyo. Nataka nikipanda ndege ya kurudi niwe nimeitimiza.

Nakuomba kitu kimoja: Getrude asijue. Kazi yake ni kuhudumia wazee, mambo ya mifupa anayajua, na unakumbuka alivyoniambia kwenye simu wakati ule: "Shoga, mbio basi. Mshukuru Mungu unatembea." Neno lile bado linaniwasha. Akijua atanifungia viatu kabatini. Nitamwambia nikishakimbia, nikiwa nimesimama mbele yake.

Na wewe sasa nunua samaki wako changu ule kwa raha. Mimi sipo nyumbani wa kukutia huruma.

Mwanao,
Mwatumu


Tensta, 19 Mei 2025

Mama Mwalimu,

Shikamoo. Mwatumu ameniambia barua za mkono bado ndiyo sheria kwako, basi na mimi naandika, ila usinirudishie na kalamu nyekundu.

Nina donge. Mwanao amekuja kwangu baada ya miaka yote hii na hakula. Ati tumbo. Tumbo gani linalokataa pweza na kupokea ugali mara mbili?

Nimefikiri usiku kucha nimepata jibu: ni sufuria. Sixte ni mtu wa kitimoto, na ile sufuria kubwa ya kitimoto ilikuwa juu ya jiko Mwatumu alipoingia jikoni. Ameiona, akajiambia pweza katoka humohumo. Mama, wallahi sikumpika humo! Nimeapa kiapo chenu na mimi ni Mkatoliki, uone nilivyochanganyikiwa. Lakini nitaanzaje kumwambia mgeni mezani habari za nguruwe?

Marehemu mama yangu alikuwa na sufuria ya wageni, unaikumbuka, ile yenye maua, iliyofungiwa kabatini ili ninyi majirani mle kwetu bila wasiwasi. Hata baba, mzee Method, alikuwa haruhusiwi kuigusa. Mimi nimekuja Ulaya nikajisahau. Naona aibu mpaka masikio. Kesho nanunua sufuria mpya.

Mwanao wa nyumba ya pili,
Getrude


Mtwara, 22 Mei 2025

Getrude mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, makosa ni matatu tu, nimekusamehe.

Sufuria yako haina kosa, na wewe huna kosa. Zaidi ya hapo nimefungwa mdomo, na unajua mimi nikifungwa mdomo nateseka. Usinunue sufuria. Subiri.

Mama yako,
Somoe


Mtwara, 22 Mei 2025

Mwatumu,

Marahaba. Umeniweka pabaya. Mwenzio anadhani umemdharau kwa sababu ya kitimoto cha mumewe, analia na masufuria, nami nakaa na siri yako shingoni. Mwambie. Getrude amekula ubwabwa wa Idi kwangu tangu hajaota meno, si mtu wa kufichwa.

Habari za hapa ni nzuri. Korosho zimepanda bei, kuku mweupe ametotoa. Jana nilipika mbaazi za nazi, leo kisamvu. Zuri, yule anayekaanga pweza hapo kona, aliniletea kipande cha moto kabisa, nikamrudishia. Meno yananisumbua. Mpaka amenuna.

Kimbia polepole. Vaa kitu kizito.

Mama yako


Upplands Väsby, 1 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Barua fupi leo, mwandishi amenuna.

Asubuhi nilitoka kukimbia kandokando ya ziwa. Hewa baridi tamu, mabata wanatembeza vifaranga vyao, nikasema leo ndiyo leo. Nikaondoka kama nilivyokuwa nikiondoka kwenye mashindano ya shule. Nusu ya njia goti likakaza. Nikachechemea, nikasimama, nikakaa kwenye benchi nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Nikiwa pale, akapita bibi mmoja wa Kiswidi na fimbo zake mbili za kutembelea. Alinipita, Mama! Mimi niliyewaacha nyuma wasichana wa mkoa mzima. Akageuka akanipungia mkono. Kwa hasira nikainuka nikamfuata, mwendo wake uleule, nusu kutembea nusu kukimbia. Na unajua nini? Goti lilinyamaza. Tukaenda hivyo mpaka karibu na kituo.

Nimegundua kosa langu. Kila siku naanza kwa pupa, nataka mguu uwe ule wa zamani. Kuanzia kesho nitakimbia polepole mpaka nione haya.

Kuhusu Getrude, nisubirie kidogo. Amenialika Idi. Nitakula vizuri, nitamfurahisha, roho yake itatulia.

Nenda kamwone daktari wa meno. Mwezi wa nne kwenye harusi ya Asha pia ulikataa samaki.

Mwatumu


Tensta, 7 Juni 2025

Mama Mwalimu,

Shikamoo na Idi njema. Ulisema nisinunue sufuria. Nimenunua. Jana Idi yenu iliangukia sikukuu ya taifa ya Waswidi, wote tulikuwa nyumbani, nikaona Mungu mwenyewe kanipangia. Nilipika pilau ya ng'ombe, nyama ya duka la Waislamu hapa Tensta, nikapika na kamba wa nazi. Sufuria nimeiacha na karatasi yake ya dukani ili mwanao aione kwa macho. Sixte nilimwambia akiigusa atalala kazini kwake Arlanda.

Mwatumu amekula pilau, Mama. Sahani mbili, kutoka sufuria ileile. Kamba hakugusa. Nikamwekea mwenyewe watatu, akawasogeza pembeni na kijiko, taratibu, akamwekea Mélissa.

Basi si sufuria. Ni mimi.

Nimeelewa sasa na inaniuma. Nyama mtu yeyote anapika. Vya baharini ndivyo vyenu, na mimi ni mtoto wa watu wa bara, baba alikuja Mtwara kwa kazi ya bandari akitokea Bukoba. Shuleni walikuwa wakiniambia, wewe Mhaya, pweza kapikiwe ndizi. Mwatumu ndiye aliyekuwa akinipigania. Na pweza nilifundishwa na wewe, jikoni kwako, nikiwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Nilidhani nimeshakuwa wa pale. Kumbe hata yeye akiona chakula changu anaona mkono wa mgeni.

Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikarudi nikalia chooni ili Mélissa asinione. Pweza mwingine niliyekuwa nimemnunulia siku yake ya kuagwa yuko kwenye friza. Atakaa humo. Kitu cha baharini simpikii mtu tena.

Getrude


Mtwara, 9 Juni 2025

Mwatumu,

Sikusalimu.

Nadhiri yako umeiwekea mdomo wako, hukumwekea Getrude aibu. Mwenzio anaamini umemwona si mtu wa pwani. Yule mtoto uliyempigania mpaka ukapasuka mdomo! Soma sentensi hiyo tena.

Nakupa mpaka Jumapili. Kimbia au usikimbie, hiyo ni juu yako na Mola wako. Jumapili hujamwambia, namwandikia mimi, na nitaandika kila kitu, pamoja na kulilia benchini.

Somoe


Tensta, 14 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Naandika nikiwa mezani kwa Getrude. Vidole vyangu vina mchuzi, utaona doa juu hapo, usisahihishe.

Barua yako niliisoma ndani ya treni nikashuka kituo kisicho changu. Aibu niliyoipata sitaieleza. Nilitaka nije hapa jioni ileile. Nikafika mpaka mlango wa treni, nikarudi. Nilijiona nikimwambia "samahani, ni nadhiri", naye akiangalia mguu wangu kwa yale macho ya huruma. Nikaamua Jumamosi nitakuja kwake, na nitakuja kwa mbio. Nikishindwa njiani nitakuja nikichechemea na kumwambia yote hivyohivyo.

Leo asubuhi nilipanda treni mpaka Sollentuna. Njia niliipima kwenye simu, inazunguka ule uwanda mkubwa wa Järva na kutokea Tensta, haipungui hata kidogo ile ya kwetu hadi Mikindani. Nikasema bismillahi. Nikaondoka kwa mwendo wa bibi wa fimbo.

Mama, niliona haya! Baba mmoja alinipita anasukuma kigari cha mtoto. Mbwa alinipita. Nikawaacha wapite. Uwanda ni majani matupu na maua ya njano, kuna ng'ombe na farasi, na ndege wanaimba juu huoni hata walipo. Nusu ya njia, pale goti linapoanzaga kelele zake, nikalisikiliza. Likasema kidogo. Nikapunguza zaidi. Likanyamaza. Nikaanza kucheka peke yangu, naongea nalo kama mtoto: haya mama, twende, usikasirike.

Majengo ya Tensta yakatokea. Nikafika kwenye taa za barabara, taa ya waenda kwa miguu nyekundu, magari yanapita. Na nadhiri imesema bila kusimama! Nikarukaruka palepale nilipo, magoti juu, mikono inapiga hewa. Wazee wa Kisomali waliokaa nje ya mkahawa wakageuka wote. Mmoja akauliza kwa Kiswidi kama nahitaji msaada. Taa ikawaka kijani, nikapita na wao wakanipigia makofi bila kujua wanashangilia nini.

Lifti sikuitaka. Ngazi zote, mpaka kwenye mlango wa Getrude, nikaugonga kwa ngumi mbili.

Akafungua amejifunga kanga, nywele hazijachanwa. Akaniona nilivyolowa jasho, akashika kifua. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Pweza yuko wapi?"

"Wewe una wazimu?"

"Nimetoka Sollentuna kwa mbio, Getrude. Sikusimama. Pweza yuko wapi?"

Nikamwambia yote palepale mlangoni, hospitali, nadhiri, lile neno lake la "mbio basi", benchi, kamba wa Idi niliowasogeza huku roho inanitoka. Nilikuwa bado narukaruka, naogopa nikisimama mguu utabadilisha mawazo. Alipiga magoti kizingitini, akanishika goti kwa mikono miwili, akabonyeza kovu lote kutoka juu mpaka chini kama wanavyofanya kazini kwao. "Kunja. Nyoosha. Kunja tena." Nikajua sasa nitagombezwa.

Badala yake alipiga kigelegele mle ngazini, Mama, kimoja kirefu, milango mitatu ikafunguka. Mélissa akaja mbio na mswaki mdomoni.

Halafu Getrude akaketi chini akaanza kulia. "Kumbe hukuukataa mkono wangu?"

"Mkono wako ndio niliokuwa nauota," nikamwambia. "Kama ungekuwa unapika vibaya ningeteseka hivi?"

Akanipiga kofi la bega, zito. Kisha akanifuta jasho na ncha ya kanga yake. Akasema neno lake la "mbio basi" analirudisha mdomoni, na ataliteremsha na mchuzi.

Pweza alitoka kwenye friza mgumu kama jiwe. Tulimweka kwenye beseni, tukamkalia kama kuku anavyokalia mayai. Nikaoga, nikavaa dera lake. Korosho ulizonipa nimletee alikuwa hajazigusa kwa hasira, tukazitwanga. Pweza akachemka kwa maji yake mwenyewe kama ulivyotufundisha, chumvi mwishoni, halafu tui, korosho, pilipili mbuzi moja nzima isipasuke, ndimu. Kamba wakaenda kwenye mafuta. Mimi nilikaa jikoni mguu juu ya kiti, amri ya muuguzi wangu.

Mchana ukafika. Nikanawa. Nikamega tonge la ugali wa muhogo, nikachovya, nikachukua kipande cha mkono wa pweza chenye vikombe vyake vyote. Nikasema alhamdulillahi. Nikatafuna.

Mama. Laini, na bado kina ukaidi kidogo kwenye meno, kama inavyotakiwa. Korosho inakuja nyuma, pilipili inakuja nyuma ya korosho. Ni chakula chako hasa. Ningefumba macho ningekusikia unatuambia tusile kwa pupa. Nilikula kwa pupa. Kamba nilikula na vichwa. Sixte, ambaye miaka yote ameapa hali mnyama mwenye miguu minane, aliona aibu kubaki nyuma, akala, akaomba tena.

Mélissa akasema kitu kwa Kiswidi huku ananikodolea macho. Getrude akacheka mpaka akakohoa. Eti mtoto anauliza: huyu mama mdogo analia na anakula kwa wakati mmoja, anawezaje?

Nimeweza, Mama. Nimekimbia.

Mwatumu


Tensta, 15 Juni 2025

Mama Mwalimu,

Shikamoo. Mwanao amelala kwetu, ameamka, amekula kiporo cha pweza, amelala tena. Goti halikuvimba. Nimeliangalia mara nne, mpaka akaniomba nimheshimu.

Nilikosea niliposema neno lile kwenye simu, na nimemwambia. Wiki ijayo kabla hajasafiri tutakimbia wote kwenye uwanda ule. Yeye atakimbia, mimi nitafuata na maji. Sufuria mpya nimeiondoa karatasi ya dukani, nimeifungia kabatini kama ya marehemu mama. Nimeipa jina lako. Mélissa ameniuliza kwa nini sufuria ina jina, nikamweleza habari za nyumba zile mbili kuanzia mwanzo. Akanijibu kwa Kiswahili.

Swali moja tu. Mwatumu anasema meno yanakusumbua huu mwaka wa tatu. Meno gani hayo, yanayokataa samaki laini na kutafuna mbaazi?

Getrude wako


Mtwara, 17 Juni 2025

Wanangu Mwatumu na Getrude,

Marahaba kwenu wote wawili. Hii msome pamoja, kila mmoja ashike upande wake.

Picha za barua zenu ziliingia nikiwa uani napeta mchele. Niliposoma pale kwenye taa nyekundu niliangusha ungo. Kuku wamekula mchele wangu wote na sikuwafukuza. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaposwa. Nikawaambia Mwatumu amekimbia. Wakasema, amemkimbia nani?

Getrude, wewe ulikuwa na macho makali tangu darasa la tatu. Meno yangu hayajauma hata siku moja.

Mwatumu, siku ile uliposema nadhiri yako hospitalini, ulikuwa umegeukia ukutani. Hukuniona. Mimi nilikuwa kwenye kiti nyuma yako, na midomo yangu ilikuwa inafuata ya kwako, neno kwa neno. Nilisema, na mimi sili mpaka mwanangu akimbie. Sikukwambia, maana ungeanza kukimbia kwa ajili yangu, ungeharibu mguu. Mzazi hamfanyii mtoto hivyo. Basi nikaugua meno. Kwenye harusi ya Asha niliumwa sana, walikuwa wamepika jodari.

Nilipomaliza barua nilijifunga kanga mbili, nikaenda kona kwa Zuri mchana kweupe, watu wamejaa. Karai linachemka. Nikamwambia, nipe pweza. Akaniangalia. "Mwalimu, meno je?" Nikamwambia yamepona leo, yamepona Ulaya.

Nilikula nimesimama, mimi, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, mafuta yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Chumvi, pilipili, ndimu. Machozi yalinitoka nikasema ni pilipili. Zuri akanikatia mkono mwingine, akagoma kupokea hela.

Nikala na huo.

Mama yenu,
Somoe